Imani ya mtoto Korea Kusini: shule ya misheni, shule mbadala ya Kikristo au shule ya Jumapili?

Familia ya Kikristo inayohamia Korea Kusini kwa masomo, kazi au utume hukutana mapema na swali la wapi mtoto afundishwe imani. Kwa kutazama tu, jibu ni rahisi. Misalaba ya taa nyekundu inawaka usiku juu ya majengo, na shule kongwe za Seoul zilianzishwa na wamisionari. Anayetoka Kenya, ambako CRE (elimu ya dini ya Kikristo) ni somo la mtihani, au Tanzania, ambako kipindi cha dini kimo kwenye ratiba, hudhani mtoto ataendelea pale alipoishia. Haiwi hivyo. Dini haimo katika suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu ambao hutawala maisha ya mtoto wa Kikorea tangu akiwa mdogo. Na Wakristo si wengi kama misalaba inavyoonyesha: katika sensa ya 2015 Waprotestanti walikuwa asilimia 19.7 ya watu wote, Wakatoliki asilimia 7.9, na wasio na dini yoyote asilimia 56.1.

Njia kuu ni tatu, na ipo ya nne kwa mgeni mwenye uwezo mkubwa. Kabla ya kuvutiwa na jina lililoandikwa langoni, pima kila njia kwa mambo matatu: nani ana haki kisheria ya kumfundisha mtoto wako dini, anapata muda gani kwa wiki, na mtoto akimaliza anatoka na cheti gani. Wazazi wengi hupima la pili peke yake. La tatu ndilo linalowaliza baadaye.

Shule ya misheni

Henry Appenzeller na Horace Underwood walitua Incheon siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1885. Mwaka huohuo Appenzeller alianza kufundisha wavulana katika shule iliyokuja kuitwa Baejae, na 1886 Mary Scranton akafungua Ewha kwa wasichana. Shule za namna hii zilikuja kuwa na uhuru wa kuchagua wanafunzi na kuwafundisha Biblia. Katika Korea Kusini uhuru huo haukubanwa na chuki dhidi ya dini, ulibanwa na sera ya elimu. Mwaka 1969 Seoul ilifuta mtihani wa kuingia sekondari ya chini, na 1974 Seoul na Busan zikaanza kuwapangia wanafunzi wa sekondari ya juu shule kwa kura, ili kupunguza mashindano yaliyokuwa yakiwachosha watoto na kuwafilisi wazazi. Shule binafsi nazo zikaingizwa kwenye kura, na fedha za serikali zikaja kubeba sehemu kubwa ya mishahara ya walimu wake. Tangu hapo mtoto wa Kibudha anaweza kupangiwa shule ya Kimethodisti, na mtoto wa Kikristo shule ya Kibudha, bila mmoja wao kuomba.

Mgongano ulikuwa lazima utokee. Mwaka 2004 mwanafunzi wa Daegwang, sekondari ya Kipresbiteri mjini Seoul, alidai haki ya kutolazimishwa kuhudhuria ibada, akafukuzwa shule. Tarehe 22 Aprili 2010 Mahakama ya Juu ilimpa haki. Iliona kwamba shule ya misheni inaruhusiwa kufundisha dini, lakini inapompokea mtoto aliyepangiwa kwa kura, haiwezi kumlazimisha kuingia ibadani bila ridhaa yake na bila kumpa kitu kingine cha kufanya. Vyuo vikuu viko tofauti, kwa kuwa huko mtu anakwenda kwa hiari yake: mwaka 1998 mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba chuo cha Kikristo kinaweza kufanya mahudhurio ya ibada kuwa sharti la kuhitimu.

Hukumu ya 2010 inamgusa mzazi wa Kikristo moja kwa moja, ingawa aliyeshtaki alikuwa akiikataa ibada. Leo ibada katika shule nyingi za misheni ni mara moja kwa wiki, kwa wanaokubali, na anayekataa hupewa shughuli nyingine. Somo la dini katika sekondari ya juu ni la kuchagua. Mtaala wa taifa unataka shule inayolifungua iweke somo jingine sambamba nalo, isipokuwa pale wanafunzi walipoichagua shule wenyewe na wazazi wakatoa ridhaa. Na hata darasa lenyewe si la katekesi. Mtaala unalitaka lizungumzie dini kama sehemu ya maisha ya binadamu, hivyo mtoto atakutana na Ubudha, Ukonfusio na Uislamu pamoja na Ukristo. Kwa maoni yangu hilo ni jema, maana mtoto anayeishi kati ya majirani wanaofanya matambiko ya mababu wakati wa Chuseok, sikukuu ya mavuno, anahitaji kuyaelewa. Ila usilihesabu kuwa ni maandalizi ya kipaimara.

Mtu wa kumtafuta ni gyomok, mchungaji wa shule. Huyu huwa na leseni ya ualimu na pia amewekwa wakfu na dhehebu lake, na uhai wa imani shuleni hutegemea yeye kuliko jengo au historia. Gyomok mwenye bidii huwa na kikundi cha maombi wakati wa chakula cha mchana, kwaya, na ibada za Pasaka, Shukrani na Krismasi zinazowavuta hata wasioamini. Asipokuwa na bidii, kipindi cha dini hugeuka saa ya kujisomea hisabati, hasa darasa la mwisho, na ibada huwa mahali pa kusinzia baada ya usiku wa tuisheni.

Kwa upande wa fedha, njia hii haina mpinzani. Shule zilizo kwenye mfumo wa kura hazitozi ada: elimu ya sekondari ya juu imekuwa bure kwa madarasa yote tangu 2021. Zile za binafsi zinazojitegemea, ambazo mwanafunzi huomba mwenyewe, hazimo katika mpango huo na hutoza ada, ila zina nafasi pana zaidi ya kufundisha dini. Shule za misheni nyingi ni za sekondari. Za msingi ni chache, ni za kulipia, na huingiwa kwa kura ya waombaji.

Tatizo ni kuipata. Sekondari ya chini hupangwa kwa kura kufuata eneo unaloishi. Sekondari ya juu mjini Seoul mwanafunzi huandika shule anazozitaka kwa hatua: ya kwanza kutoka jiji zima, ya pili kutoka eneo lake, kisha waliobaki hupangwa kwa kuzingatia umbali na mambo mengine, dini ikiwemo. Kwa hiyo unaweza kuitaka shule ya misheni na usiipate. Aliyehama nyumba mahsusi kwa ajili ya shule moja bado anategemea kura.

Shule mbadala ya Kikristo

Hapa ndipo penye mvuto mkubwa na makosa ya gharama kubwa. Shule hizi zilianzishwa na makanisa au walimu Wakristo waliochoshwa na mbio za suneung. Madarasa ni madogo, siku huanza kwa ibada, Biblia inafundishwa kila siku, na historia au sayansi husomwa kwa mtazamo wa imani. Nyingi hukataza tuisheni za nje na kubana matumizi ya simu. Nyingi pia huwahoji wazazi wote wawili, hutaka cheti cha ubatizo na barua ya mchungaji, na humdai mzazi ahudhurie mafunzo yake mwenyewe. Ukiwa mzazi unayefanya kazi zamu za usiku kiwandani, sharti hilo la mwisho litakushinda mapema kuliko ada.

Chini ya jina hilo moja zimo hali tatu za kisheria, na lazima ujue uliyo nayo mkononi. Shule iliyoidhinishwa, *inga*, hutoa cheti sawa na shule yoyote. Taasisi iliyosajiliwa tu, *deungnok*, iko chini ya sheria ya taasisi za elimu mbadala iliyoanza kutumika Januari 2022: inatambuliwa, mtoto wake haandamwi kwa utoro wa elimu ya lazima, lakini cheti chake si cha taifa. Ya tatu haina lolote kati ya hayo mawili. Januari 2021 kituo kimoja cha bweni cha Kikristo kisicho na leseni mjini Daejeon kilipata maambukizi zaidi ya 100 ya Uviko, na nchi nzima ikagundua kwamba watoto walikuwa wakiishi na kusoma mahali ambapo hakuna ofisi ya elimu iliyokuwa ikipakagua. Usikubali jibu la "tuko kwenye mchakato". Omba kuona namba ya usajili au idhini, kisha ipigie simu ofisi ya elimu ya mkoa uthibitishe.

Mtoto asiye na cheti cha taifa hupita kwenye *geomjeong gosi*, mtihani wa kulinganisha unaofanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Agosti. Kwa ngazi ya sekondari ya juu masomo ni 7: Kikorea, hisabati, Kiingereza, jamii, sayansi, historia ya Korea na moja la kuchagua. Wastani wa 60 kwa 100 unatosha kufaulu. Mtihani wenyewe si mgumu kwa mtoto aliyesoma vizuri. Yanayomkwaza ni mambo yanayouzunguka. Kwanza, aliyeacha sekondari ya juu ya kawaida lazima miezi sita ipite kabla ya tangazo la mtihani, hivyo anayetoka shuleni bila kuhesabu vizuri miezi hiyo hupoteza awamu nzima. Pili, hana *saenggibu*, rekodi ya shule ya miaka mitatu ambayo vyuo huitegemea sana katika udahili wa mapema. Desemba 2017 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba vyuo vya ualimu vya taifa kuwafungia watahiniwa wa geomjeong gosi udahili huo ni kinyume cha katiba, na mlango ukapanuka. Hata hivyo aina kadhaa za udahili bado hazimpi nafasi sawa na aliye na rekodi ya shule.

Kwa familia itakayorudi nyumbani, tatizo huongezeka. NECTA ya Tanzania na KNEC ya Kenya hulinganisha vyeti vya nje, na karatasi isiyotambuliwa na nchi iliyoitoa ni vigumu kulinganishwa. Baadhi ya shule hizi hutumia mitaala ya Kimarekani kwa Kiingereza, ikiwemo ACE, ambayo wazazi wengi wa Kenya wanaifahamu. Hiyo husaidia kuhamia nje, lakini mtoto hubaki na Kikorea cha dukani tu. Chagua mojawapo ukijua unakwenda wapi.

Gharama huanzia won laki kadhaa hadi zaidi ya milioni moja kwa mwezi, kabla ya bweni. Juu yake huja kiingilio, na kwingine amana au mchango wa maendeleo. Uliza kwa maandishi kama amana hurudishwa, lini, na nini hutokea shule ikifungwa. Shule changa hufungwa: wanafunzi hupungua, kwa sababu nchi yenyewe inazaa watoto wachache mno (kiwango cha uzazi kilishuka hadi watoto 0.72 kwa mwanamke mwaka 2023), au kanisa mlezi huyumba na fedha za jengo zikakatika. Walimu wengi hulipwa chini ya wenzao wa shule za kawaida na hufundisha kwa wito. Idadi ya walimu walioondoka katika miaka mitatu iliyopita itakuambia mengi kuliko kijitabu cha matangazo.

Lipo pia kundi dogo la shule mbadala kwa ajili ya watoto wa wahamiaji. Jiguchon katika wilaya ya Guro, Seoul, iliyoanzishwa na mchungaji na kufunguliwa 2011, ni ya msingi na imeidhinishwa. Kwa mtoto aliyefika akiwa na miaka minane bila neno la Kikorea, shule ya namna hii ina thamani kuliko ile ya kifahari yenye Biblia kila asubuhi.

Shule ya Jumapili

Kanisa la Korea lina mpangilio wa watoto ambao sijaona unaofanana nao kwa ukamilifu. Kanisa kubwa huwagawa kwa umri katika idara: wachanga, chekechea, msingi kwa ngazi mbili au tatu, sekondari ya chini, sekondari ya juu, kisha vijana. Kila idara ina chumba chake, kwaya yake, bajeti yake, mkuu wake ambaye huwa mzee wa kanisa au shemasi, na *jeondosa*, mhubiri ambaye mara nyingi bado ni mwanafunzi wa seminari. Ibada na mafundisho huchukua kama saa moja hadi saa moja na robo. Humo, kusoma kwa vikundi vidogo na mwalimu huwa dakika 15 hadi 20 tu. Kitabu cha masomo hutolewa na dhehebu. Wiki za kiangazi, Julai na Agosti, kuna shule ya Biblia ya siku mbili au tatu kwa wadogo na kambi ya maombi kwa wakubwa. Mtoto aliyekulia huko hujifunza *tongseong gido*, maombi ya wote kwa sauti kwa wakati mmoja, kama lugha ya pili.

Kasoro zake zinajulikana. Jeondosa hubadilika kila mwaka au miwili, akimaliza seminari anaondoka, na kijana aliyefungua moyo kwake huanza upya. Kuponi za "talanta", zinazotolewa kwa mahudhurio na aya za kukariri na kutumika kununua vitu kwenye soko la kanisa, huwavuta wadogo lakini humfundisha mtoto kuhesabu malipo. Mimi ningelifurahia kanisa lililoziacha. Pengo kubwa kuliko yote ni la saa ileile: wazazi wako ukumbi mkubwa, watoto wako ghorofa ya chini, na wakirudi nyumbani hakuna ajuaye mwenzake alisikia nini. Tiba ni ndogo na inafanya kazi. Mwombe mwalimu kitabu cha somo cha robo mwaka, kisha fanyeni ibada ya nyumbani dakika 15 katikati ya wiki kwa somo lilelile, kwa Kiswahili. Mtoto hulisikia Neno kwa lugha mbili, na Kiswahili chake kinapata kazi ya heshima.

Kisha kuna mwaka wa mwisho wa sekondari. Tuisheni hufunguliwa hadi Jumapili, na vijana wengi huacha kanisa "mpaka suneung ipite". Ajabu ni kwamba mwaka huohuo makanisa hujaa wazazi: maombi ya siku 40 au 100 kabla ya mtihani wa Novemba, na siku yenyewe akina mama hukaa kanisani wakiomba kwa ratiba ya vipindi vya mtihani. Mzazi anaomba kanisani, mtoto hayupo. Familia ikikubaliana mapema kwamba ibada ya Jumapili haikatwi, hata iwe fupi, kijana hubaki. Ukilisubiri jambo hili hadi darasa la mwisho, umeshachelewa.

| | Misheni (kwa kura) | Mbadala | Jumapili |
|---|---|---|---|
| Gharama | bila ada | laki kadhaa hadi zaidi ya milioni kwa mwezi | sadaka. Kambi huchangiwa |
| Muda wa dini | kama saa 1–2 kwa wiki, kwa ridhaa | kila siku | saa 1 hivi |
| Cheti | cha taifa | inategemea idhini | hakuna |
| Anayechagua | kura | shule na wazazi | wazazi |

Shule za kimataifa za Kikristo

Seoul Foreign School (1912) na Taejon Christian International School (1958) zina mizizi ya kimisionari, hufundisha kwa Kiingereza na kutoa sifa zinazokubalika duniani. Mtoto wa raia wa kigeni ana sifa ya kuomba. Ada hupita won milioni 25 kwa mwaka kwa urahisi, kwa hiyo swali ni moja tu: je, mwajiri analipa? Kama halipi, ruka.

Ningemshauri nani achague nini

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili au mfanyakazi mwenye familia, atakayekaa miaka miwili hadi mitano: shule ya serikali iliyo karibu na nyumbani, au ya misheni kura ikiwaangukia, pamoja na shule ya Jumapili ya kanisa la mtaa. Mkisafiri kila Jumapili kwenda kanisa kubwa la saa moja na nusu kwa treni mtachoka kabla ya mwaka kuisha, na mtoto hatakutana na marafiki wa kanisani siku za kazi. Ibada ya wazazi inaweza kuwa kwa Kiingereza mahali pengine. Kanisa la Onnuri, kwa mfano, ina ibada za Kiingereza Seoul na kituo cha wahamiaji huko Ansan.

Familia inayokaa moja kwa moja, hasa ndoa ya Mwafrika na Mkorea: shule mbadala iliyoidhinishwa inafaa kufikiriwa, ikiwa wazazi wote wawili wanaiamini na mtoto mwenyewe, akiwa amefika sekondari, ameulizwa. Iliyosajiliwa tu ningeikubali kwa darasa la msingi, kwa kuwa kurudi mfumo wa kawaida baadaye bado ni rahisi. Kwa sekondari ya juu ningeikataa, isipokuwa mpango wa chuo umeandikwa kwenye karatasi.

Njia yoyote utakayochagua, iendane na tahadhari moja. Makundi ambayo madhehebu makubwa ya Korea yameyatangaza kuwa ya uzushi, Shincheonji likiwemo, huwaendea wageni na vijana kwa darasa la bure la Biblia, mazoezi ya lugha au utafiti wa maswali. Somo huanza na mtu mmoja au wawili, kisha huhamia kituo cha mafunzo cha miezi kadhaa, siku nyingi kwa wiki. Dalili ya wazi ni kuombwa usimwambie mchungaji wako wala familia. Kanisa lolote litakalomfundisha mtoto wako liulize dhehebu lake: Presbiteri za Tonghap na Hapdong, Methodisti, Utakatifu, Baptisti, Pentekoste ya Injili Kamili au Katoliki, kisha hakikisha kwenye orodha ya dhehebu lenyewe. Kanisa halali halikasiriki kwa swali hilo.

Kuandikisha

Mtoto wa kigeni hatumiwi barua ya kuanza shule ya msingi kama Mkorea. Mzazi huenda mwenyewe shuleni akiwa na uthibitisho wa usajili wa mgeni au wa kuingia nchini. Asipokuwa nao, mkataba wa nyumba unaoonyesha makazi hutumika. Beba rekodi za shule ya awali zilizotafsiriwa na kitabu cha chanjo. Mwaka wa masomo huanza mwanzoni mwa Machi, na shule mbadala nyingi hufunga maombi kabla ya Desemba, hivyo fika kwenye siku zao za maelezo mapema. Shule ya Jumapili huandikisha wiki yoyote, ila idara zake hubadilika Januari na si Machi: mtoto atapanda darasa kanisani miezi miwili kabla ya kupanda shuleni, na ni vizuri mwalimu wake wa zamani ajue ili ampeleke mwenyewe kwa yule mpya.